Mayai Saba ya Kanali

Kanali alikuwa amekataa panya kwa miezi miwili, na Vignon, aliyekuwa akila kwa mgongo wa chatu huyo, naye alianza kukonda. Kila asubuhi alimtoa mtungini, akamzungusha shingoni, akaenda naye barabara ya pwani kuwasubiri watalii wanaopenda kupigwa picha na chatu wa Ouidah. Siku hizi Kanali hakutulia hata shingoni. Ndipo Jumatatu moja ya Februari, upepo mkavu wa kaskazini ukiwa bado unapasua watu midomo, Vignon alifunua mtungi akapiga ukelele.

"Mama! Njoo uone! Kanali kataga!"

Mama yake, Agbossi, alikuwa uani akichekecha unga wa mahindi. Hakuinua kichwa.

"Kanali nani?"

"Kanali wetu!"

"Kanali ni dume."

"Njoo umwambie mwenyewe."

Akaja, mkwewe Dossi akimfuata nyuma na mikono yenye povu la sabuni. Ndani ya mtungi chatu alikuwa amejikunja kama kata ya kubebea maji, na katikati ya mikunjo yake yalionekana mayai meupe, marefu, bado yana unyevu. Mama Agbossi alipiga magoti akagusisha paji la uso chini, kama ipasavyo mbele ya Dangbe, chatu mtakatifu wa mji huo. Kisha akasimama, akajikung'uta vumbi, akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Miaka minne unawaambia Wazungu huyu ni dume la vita! Miaka minne, Vignon!"

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umejua. Muuza akara, bagia za kunde, alimwita Vignon kutoka ng'ambo ya njia. "Shemeji, Kanali kapewa likizo ya uzazi?" Mwenzake akadakia, "Baba ni nani lakini? Isije ikawa wewe."

Vignon alicheka nao, ila moyoni hakukuwa na kicheko. Chatu mwenye mayai hali, wala haondoki alipolala mpaka watoto watoke, na hiyo ni miezi miwili mingine. Kiongozi wa watalii aliyekuwa akimletea wageni alimjibu kwenye simu bila hata kumpa pole: "Kama huna nyoka, namchukua Bertin na wake." Unga uliokuwa ukichekechwa uani ulikuwa umekopwa.

Chatu huyo hakununuliwa. Aliingia mwenyewe nyumbani mwao siku ya mvua, na Daa Kakpo, mkuu wa ukoo, akaruhusu akae kwa sharti moja, kwamba lolote litakalompata aambiwe yeye kwanza. Kwa hiyo Vignon akaenda kumwita. Daa alikuja amekaa kando nyuma ya pikipiki, kofia yake nyeupe ameishika kwa mkono isipeperushwe. Alichungulia mtungini kwa muda mrefu, midomo ikicheza.

"Saba," akasema. "Hawa ni wajukuu wa nyumba hii. Siku wakitoka nitakuja na watu, tutawapeleka msituni. Saba nimeona, saba nitawauliza."

"Lakini Daa," Vignon akasema huku akikuna shingo, "Kanali ndiye anayetulisha."

Mama Agbossi akaingilia kati. "Kanali arudi kazini. Mayai yatalelewa hapa. Nyumba hii inaangua kanga tangu mimi sijaolewa. Sanduku lipo, maranda yapo, taa ipo. Magoti yangu yameisha, lakini huyu nimemfundisha."

Daa akamgeukia Dossi. "Ndiye yule wa vilimani?"

"Ndiye."

Kwao Dossi, huko kaskazini, chatu akikutwa shambani huingia chunguni pamoja na pilipili. Alikuwa ameolewa Ouidah miaka mitatu, na watu wa nyumba hiyo hawakuwa wamechoka kumkumbusha.

"Mke wetu," Daa akasema, "haya ni mayai ya kuangua. Si ya kukaanga."

Watu uani wakacheka. Vignon naye akacheka, kidogo.

"Ndiyo, Daa," Dossi akasema.

"Unayabeba?"

"Ninayabeba."

Daa alipoondoka, Mama Agbossi alirudi kwenye ungo wake na kuzungumza kama mtu anayejisemea. "Zamani aliyeua chatu, hata kwa bahati mbaya, alitiwa kwenye kibanda cha majani makavu. Kibanda kikawashwa. Anakimbia anaungua hadi mtoni, na watu wanampiga njia nzima. Siku hizi mna bahati. Siku hizi mnafukuzwa tu."

*

Vignon alimfunika Kanali kichwa kwa kitambaa, akamnyanyua polepole huku chatu akifoka kama sufuria inayochemka. Dossi akaingiza mikono. Mayai yalikuwa yameanza kushikana, akayabandua moja moja kwa ncha za vidole, akayapanga kwenye sanduku juu ya maranda yenye unyevu. Chini ya sanduku taa ya chemli iliwaka kwa utambi mfupi.

Mama Agbossi alikaa kwenye kigoda, akielekeza kwa kidole.

"Chukua mkaa. Weka alama. Upande huu msalaba, upande ule duara. Asubuhi msalaba juu, mchana duara, jioni msalaba tena."

Dossi alisita. "Mama, na haya ya nyoka yanageuzwa?"

"Yai ni yai. Usipogeuza, mtoto anagandia upande mmoja. Umewasahau wale kanga wako?"

Dossi hakuwasahau. Mwaka wake wa kwanza hapo aliona haya kuuliza, akayaacha mayai ishirini ya kanga yalale upande mmoja, na hakikutoka kifaranga hata kimoja. Mwaka mzima mgeni akija aliambiwa habari hiyo kabla hajapewa maji. Basi akachukua mkaa akachora, msalaba na duara, mara saba.

Tangu hapo aliyageuza kama alivyoambiwa. Alinawa kwanza, akajifuta, akayageuza kwa viganja viwili, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto asiamke. Siku za soko, ambazo huja kila baada ya siku nne, yeye alikuwa na akasa, mabonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kuuza, na Mama Agbossi aliyageuza badala yake. Kanali alirudi barabara ya pwani. Vignon alileta unga, akaleta na sabuni, na kwa majuma matatu nyumba ilipumua.

*

Mtu aliyeikata pumzi hiyo aliitwa Rigobert. Alikuwa akizunguka vijijini kwa pikipiki na mfuko wa pamba, akikusanya mayai ya chatu kwa ajili ya mashamba yanayopeleka nyoka ng'ambo. Vignon ndiye aliyemleta.

"Umemleta afanye nini?" Dossi akamuuliza mumewe pembeni. "Daa kayahesabu."

"Kuangalia tu. Kuangalia kuna dhambi?"

"Na akishaangalia?"

"Dossi, usinipandishe presha. Mtu anatoa elfu tatu kwa yai. Daa tunaweza kumwambia mengine yameharibika."

Rigobert alikuwa tayari amechuchumaa mbele ya sanduku. Aliinua kifuniko, akaliangalia yai la kwanza, kisha la pili.

"Nani kachora?"

"Mimi," Dossi akasema.

"Mbona pande mbili?"

"Nijue lipi nimeshaligeuza."

Rigobert alirudisha kifuniko polepole, kama mtu aliyefungua mlango akakuta watu hawajavaa.

"Dada yangu. Unayageuza?"

"Mara tatu kwa siku."

"Mungu wangu!" Akavua kofia. "Tangu lini?"

"Tangu yalipotagwa."

"Sikiliza. Kuku anageuza mayai yake kwa mdomo, sawa. Chatu umemwona akigeuza? Anajikunja juu yake na hayasogei mpaka mwisho. Mle ndani mtoto anajishikiza juu. Ukimpindua anakwenda chini, maji yake yanamfunika. Unamzamisha."

Rigobert akatoa tochi ndogo, akaiweka karibu na ganda la kila yai bila kuligusa. Matatu yaling'aa kwa wekundu, na vijishipa vyembamba vilisambaa ndani kama mizizi ya mpunga. Mawili yalikuwa ya manjano tu, kama mafuta yaliyoganda. Mawili ya mwisho aliyaangalia, akazima tochi, akaiwasha tena.

"Haya mawili yamekwisha. Haya mawili siyaelewi. Na haya matatu, sijui yamevumiliaje."

"Kwa hiyo unachukua yapi?" Vignon akauliza.

Rigobert akamtazama. "Kaka, mimi sinunui makaburi."

Alivaa kofia yake. Mlangoni aligeuka, akasema na Dossi peke yake. "Yaache yalivyo sasa hivi. Usiguse hata moja. Maji nyunyiza kwenye maranda, si kwenye yai. Na huyo aliyeyahesabu, mwambie wewe kabla hajaambiwa na mwingine."

*

Mama Agbossi alisikiliza habari yote akiwa anamenya muhogo. Kisu hakikusimama.

"Mimi nilisema habari za kanga," akasema.

"Mama, ulikaa hapa hapa. Kwenye kigoda hiki. Nikakuuliza kama ya nyoka yanageuzwa, ukasema yai ni yai."

"Kigoda kina mdomo? Kiulize."

"Na siku za soko ulikuwa ukiyageuza wewe."

"Nani kaniona?"

Dossi akamgeukia mumewe. Vignon alikuwa ameinama, akifunga kamba ya kiatu kilichokuwa kimeshafungwa.

"Mimi nilimshika Kanali," akasema. "Alikuwa anafoka. Sikusikia vizuri."

Kutoka alipokuwa amesimama siku ile hadi kwenye kigoda ni urefu wa mkono.

"Nitakwenda kwa Daa nimweleze," Dossi akasema.

Kisu cha Mama Agbossi ndipo kikasimama. "Nenda. Lakini ukitoka na habari hiyo, toka na nguo zako. Mimi sitaaibishwa mbele ya ukoo na mtu aliyekula Dangbe kwa ugali."

Dossi hakwenda. Alikaa chini karibu na sanduku, akijichukia kwa kutokwenda. Baadaye, akianika nguo, alimsikia mama mkwe akiongea na jirani juu ya ua: "Nasikia kayageuza geuza yule. Unategemea nini? Mikono ya vilimani imezoea kugeuza nyama."

Majuma yaliyofuata Dossi aliishi kwa pua na kiganja. Aliweka kiganja juu ya maranda kupima joto, akapunguza utambi, akauongeza. Alinusa sanduku akiamka na alinusa akitoka sokoni, na akiwa sokoni aliwauzia watu akasa huku akinusa vidole vyake. Yai la kwanza lilioza juma la tano. Liliota ukungu wa kijani, likatoa maji.

"Tupa chooni," Mama Agbossi akasema. "Daa mzee, hatakumbuka."

"Kaona saba. Ataona saba."

Alilifunga kwenye kitambaa, akaliweka kwenye beseni lililofunikwa, mbali na mengine. La pili likafuata, kisha la tatu. La nne lilichelewa, mpaka Dossi akaanza kulitegemea, na siku moja akaliona limezama upande kama tunda lililoangushwa. Yalibaki matatu yale yenye mizizi myekundu. Kila mpita njia akisimama mlangoni, Dossi alidhani ni mtu wa Daa. Vignon naye alipungua maneno. Akirudi na Kanali alimweka mtungini, akanawa, akala akiangalia sahani.

Mvua za kwanza ziliponyesha, yale matatu nayo yakaanza kubonyea. Maganda yalikunjamana juu kama ngozi ya kikongwe. Dossi alipoyaona alikaa chini katikati ya kazi, mikono ndani ya unga wa akasa, na machozi yakamdondokea kwenye unga. Mama Agbossi alipita, akaona. Alirudi baada ya muda na maji ya kunawa, akayaweka karibu naye, akaenda zake.

Siku tatu baadaye, asubuhi, Dossi aliinua kifuniko akaona ganda moja limechanwa mstari mdogo, kama kwa wembe. Kwenye mstari huo kulikuwa na pua.

*

"Wasiitwe kwanza," Dossi alimwambia mumewe. "Ngoja watoke. Ngoja niende mimi nimweleze."

Lakini Vignon alikuwa ameshashika njia, na kabla ya saa sita ua ulikuwa umejaa. Wanawake wa ukoo walikuja wamejifunga nguo nyeupe, wazee wakaletewa viti na sodabi, pombe kali ya mchikichi. Mama Agbossi alivaa vitenge vyake vya sikukuu na kuweka kigoda chake karibu kabisa na sanduku, mkono mmoja juu ya kifuniko. Vignon alisimama nyuma yake, Kanali shingoni.

Vichwa vitatu vilikuwa vimetoka kwenye maganda, vidogo kama kidole gumba, vimetulia, macho wazi. Watu wakapiga magoti, paji la uso chini. Walipoinuka, Mama Agbossi alikuwa ameshaanza.

"Daa, unaona? Nilikuambia nyumba hii inaangua. Huyu ni mkono wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kila kitu, tangu maranda, tangu taa, mpaka alama unazoziona hizo za mkaa. Alikuja hapa hajui hata yai lina pande ngapi."

"Watatu," Daa akasema. "Mimi nilihesabu saba."

Dossi akaingia ndani, akatoka na beseni. Alipiga magoti mbele ya Daa, akafunua. Harufu ilitoka kwanza. Wanawake waliokuwa mbele wakajifunika pua kwa nguo zao, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Ndiyo hayo. Mpe nyoka mla nyoka."

"Nani kayafanya hivi?" Daa akauliza.

"Yaligeuzwa," Dossi akasema. "Mayai ya chatu hayageuzwi, Daa. Hatukujua. Niliyageuza mimi, mara tatu kwa siku, majuma matatu. Nilifundishwa na Mama. Siku za soko aliyageuza yeye. Tulipojua, nilitaka kuja kwako. Sikuja. Niliogopa."

"Uongo!" Mama Agbossi akasema. "Nilimwambia habari za kanga! Alama alichora mwenyewe!"

"Mama Agbossi," Daa akasema polepole, "sasa hivi umeniambia ulimfundisha kila kitu. Mpaka alama."

Mkono wa Mama Agbossi ulikuwa bado juu ya kifuniko. Aliuangalia kama wa mtu mwingine.

"Asubuhi msalaba," sauti ikasema nyuma yake, "mchana duara, jioni msalaba tena."

Daa akainua macho. "Unasemaje, Vignon?"

Vignon alikuwa akimwangalia Kanali, si watu. "Ndivyo Mama alivyosema. Nilikuwepo. Nilisikia tangu siku ile."

Mama yake hakugeuka kumtazama. Mabega yake tu ndiyo yaliyoshuka.

Wazee walisogeza viti wakanong'onezana. Mmoja alisema yai si mtu, mwingine akasema vipi lisiwe mtu na limehesabiwa. Ndipo bibi mmoja mwenye nguo nyeupe, aliyekuwa hajasema kitu, akaelekeza fimbo yake kwa Vignon. "Na huyu? Aliyemtoa mama juu ya wanawe akapigwe picha? Yeye hatajwi?"

Vignon akainamisha kichwa. Hakuna aliyecheka.

Daa alizungumza akiwa amekaa. "Kanali hatoki tena na mtu. Huyu mama atakula, atanenepa, akitaka kwenda msituni aende. Vignon, una mikono miwili, ikatafute kazi. Hawa watatu wakimaliza kutoka, tutawapeleka msituni. Haya manne yatafungwa nguo nyeupe na kuzikwa leo kama watu. Na walioyageuza watakaa mlangoni pa msitu siku saba, mkeka mmoja, kama wafiwa. Anayepita akiwa na neno, atawaambia. Watalipokea. Kisha watarudi nyumbani. Wote wawili."

"Mkeka mmoja?" Mama Agbossi akauliza kwa sauti ndogo.

"Mmoja."

*

Siku ya kwanza hawakusemezana. Walikaa wamepeana mgongo nusu, kila mmoja akiangalia upande wake wa njia. Wapita njia walisimama, na wengine walikuwa na maneno mengi. Muuza akara alikuja na mwenzake makusudi, wakanunua karanga ili wapate cha kutafuna wakisema. Dossi alipokea akiinamisha kichwa, kama alivyozoea. Mama Agbossi hakuwa amezoea, na kila neno lilimpiga usoni, akipepesa macho. Vignon aliwaletea chakula mchana, mikono yake ina chokaa ya jengo, akaweka bakuli moja kati yao, akaondoka bila kujua amtazame nani.

Siku ya pili alipita mwanamke aliyebeba kuni, mgeni kwao wote wawili. Alisimama, akashusha mzigo kabisa, akawaangalia mmoja baada ya mwingine.

"Ni kweli mmeua wajukuu wa Dangbe?"

"Kweli," Dossi akasema.

"Nani hasa kati yenu?"

Dossi alifungua mdomo. Mama Agbossi akamtangulia.

"Wewe mwenye kuni. Una neno la kutuambia, au una swali?"

"Mimi nauliza tu."

"Daa kasema tupokee maneno. Maswali hakusema. Twika kuni zako."

Mwanamke akaguna, akajitwika, akaenda akigeuka geuka. Dossi alijizuia, akashindwa, akacheka kwa pua. Mama Agbossi alimtupia jicho kali, kisha akaangalia pembeni, na mdomo wake nao haukukaa sawa.

Kivuli cha ukuta wa msitu kilikuwa kimeshasogea. Jua lilimfikia Dossi magotini, likapanda tumboni. Mama Agbossi alikusanya vitenge vyake, akajivuta kwa taabu hadi ukingoni mwa mkeka.

"Sogea huku," akasema. "Utaungua."